Kutoboa ukuta wa matofali ya kuchoma kwa drili ya nyumbani: kwa nini tofali moja linabomoka na jingine linakataa?

Swali: Mama wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu wapendwa, ninaomba msaada wa watu wanaoujua ujenzi wa huku kwetu. Ninakaa Katuba, katika nyumba iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma na kupigwa lipu ya saruji ndani na nje. Ninataka kutundika kabati la jikoni lenye milango miwili, ambalo likijaa sahani, sufuria na mifuko ya unga litafika kilo 40 au zaidi kidogo. Nina drili ya umeme ya nyumbani ya wati 650, yenye kitufe cha kuchagua kati ya picha ya meshi (ncha ya chuma inayotoboa) peke yake na picha ya nyundo, na nina meshi za ukuta za milimita 6, 8 na 10, pamoja na fisha za kipimo hichohicho, yaani vile vipande vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu ili vishike skrubu.

Jambo linalonisumbua ni kwamba katika ukuta mmoja, kwa kimo kilekile kutoka sakafuni, matundu mawili yaliyoachana kiasi cha hatua moja yametoa matokeo yanayopingana. Katika tundu la kwanza, meshi ya milimita 8 ilipita lipu, kisha ikazama ndani ya tofali bila kuhitaji nguvu yoyote, vumbi jekundu likamwagika kwa wingi, na mdomo wa tundu ukapanuka hata fisha ikawa inazunguka pamoja na skrubu. Katika tundu la pili, mara tu lipu ilipokwisha, meshi ilikwama, ikapiga kelele, ncha yake ikageuka rangi ya samawati kwa joto, na kina chake hakikufika hata sentimita 3. Jirani anasema drili ni dhaifu, muuza duka anasema meshi si ya kweli, na shemeji yangu anasisitiza kwamba ukuta wa matofali hutobolewa kwenye kiungo, yaani pale palipopita saruji kati ya tofali na tofali, na kamwe si katika tofali lenyewe. Ningependa kuelewa sababu kabla ya kuendelea, kwa kuwa kabati hilo litakaa juu ya mahali ambapo watoto hupita kila siku.

Jibu: Fundi mwashi, Ruashi

Jambo mama. Wote watatu waliokushauri wameshika kipande cha ukweli, lakini chanzo cha tatizo kiko katika tofali, na kilikuwapo kabla ukuta wako haujasimama.

Matofali mengi ya Lubumbashi hufyatuliwa kwa udongo wa hapahapa, na udongo wa vile vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyoonekana pande zote za mji hupendwa sana na wafyatuaji, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchambua: wameacha changarawe chini na kupandisha chembe laini zinazoshikana vizuri. Matofali yakishakauka hupangwa yenyewe yakawa tanuri, safu juu ya safu, huku mahandaki yakiachwa chini kwa ajili ya kuni. Kisha ubavu wote wa nje hukandikwa tope ili moto usitoroke, na moto huchochewa kwa siku kadhaa. Tanuri ya namna hii haina joto moja. Tofali lililokuwa kandokando ya handaki huungua kupita kiasi, likawa jeusi au la zambarau, pengine likapinda, na uso wake ukayeyuka kidogo ukang'aa kama kioo. La katikati huiva sawasawa na hulia likigongwa. La ganda la nje hubaki na rangi ya chungwa hafifu, na ndani yake ni udongo ulioshikana nusunusu, ambao hata msumari unaweza kuuchimba. Mwashi anayejali huyatenga haya mapema kwa kugonganisha mawili mawili na kusikiliza: lililoiva hutoa mlio mkali, na lililo bichi hutoa sauti nzito isiyosafiri. Lakini matofali yakishalipiwa na kusafirishwa, ni wachache wanaokubali kuyatupa, kwa hiyo mara nyingi yote huingia ukutani, na lipu ikishapita juu yake hakuna jicho linaloweza kuyatofautisha.

Tundu lako la kwanza liliangukia tofali bichi, na la pili likaangukia tofali lililoungua kupita kiasi. Drili ni ileile na mkono ni uleule. Kwa sababu hiyo mimi siamini kanuni yoyote ya kutoboa inayotaja kipimo cha meshi na fisha bila kutaja kwanza hali ya tofali.

Namna ya kulitambua tofali lililofichwa na lipu ni kutoboa tundu jembamba la uchunguzi, la milimita 5 au 6, bila nyundo na kwa mwendo wa polepole, huku ukitazama vumbi. Kunja karatasi kama bahasha, ibandike ukutani kwa utepe chini kidogo ya alama yako, na vumbi lote litaangukia humo. Sakafu itabaki safi, nawe utakuwa na ushahidi mkononi. Vumbi la mwanzo litakuwa la kijivu, nalo ni la lipu. Hesabu kina chake, kwa maana kipimo hicho utakihitaji. Likifuata vumbi jekundu kavu, na meshi ikawa inasonga kwa mwendo mmoja huku ukisukuma kwa kiasi, uko katika tofali zuri. Likifuata vumbi la rangi ya chungwa linalotoka kwa mabonge mabonge, na meshi ikazama kwa uzito wa drili tu, uko katika tofali bichi. Vumbi likiwa chache, jeusijeusi na lenye chenga, na meshi ikilia, hilo ni tofali lililoungua. Likiendelea kuwa la kijivu baada ya kina cha lipu, umeingia kwenye kiungo cha saruji. Likiwa la kahawia na laini kama poda, kiungo chako ni cha tope, na hapo ni lazima tuzungumze tena, kwa maana nyumba nyingi za mitaa yetu zilijengwa kwa udongo kati ya matofali na saruji ikatumika katika lipu peke yake.

Sasa kuhusu tofali bichi. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuwasha nyundo. Nyundo ya drili husaga tofali gumu likawa vumbi, lakini tofali bichi hulitikisa lote likaachana, ndiyo maana mdomo wa tundu hupanuka. Zima nyundo, toboa kwa kuzungusha tu, na utumie meshi ndogo kuliko fisha kwa milimita 1: kwa fisha ya milimita 8, tundu la milimita 7. Fisha itaingia kwa kugongwa kidogo na itabana pande zote. Kisha chagua fisha ndefu. Lipu ya nyumba zetu huwa na unene wa milimita 15 hadi 20, na lipu haibebi mzigo, ikivutwa hubanduka kwa kipande. Ukitumia fisha ya milimita 30, kilichobaki ndani ya tofali ni milimita 10 hadi 15 tu, na kilo zako 40 zitakuwa zimetundikwa kwenye kipande kifupi kuliko upana wa kidole. Tafuta fisha za milimita 60 hadi 80. Tundu lizidi urefu wa fisha kwa milimita 10 hivi, ili vumbi linalobaki chini lisiizuie kufika mwisho.

Tofali lililoungua nalo lina tabia yake. Ni gumu, lakini ni jepesi kupasuka, hasa ukitoboa karibu na ukingo wake. Kama kabati linaruhusu, sogeza alama yako kwa nusu ya tofali na uchunguze upya. Kama haliruhusu, anza na meshi ya milimita 5, kisha ya 6, kisha ya 8, na kila baada ya sekunde kumi hivi toa meshi nje ili vumbi litoke na ncha ipoe. Hapo nyundo inaruhusiwa, ila baada ya tundu kufika sentimita 1, meshi ikiwa imekwisha kupata njia.

Jibu: Fundi wa umeme, Kampemba

Ninakubaliana na papa fundi, nami nitaongeza habari za mashine, kwa kuwa mama ametaja ncha iliyogeuka samawati.

Meshi ya ukuta si kipande kimoja cha chuma. Mwili wake ni chuma cha kawaida, na kwenye ncha kuna kibamba cha tungsteni kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kilichotiwa kwenye mfereji na kuunganishwa kwa madini yaliyoyeyushwa. Kibamba hicho ni kipana kidogo kuliko mwili, ndiyo sababu meshi haikwami kwenye tundu lake yenyewe. Kabaidi ya namna hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Krupp ya Ujerumani katika miaka ya 1920 kwa jina la Widia, na hadi leo utasikia wazee wa karakana wakiomba meshi ya widia wanapotaka ya ukuta. Kabaidi yenyewe huvumilia joto kubwa. Kinachoshindwa mapema ni ule muunganisho wake na mwili. Chuma kikigeuka samawati, joto limekwisha kupita kiasi, muunganisho umedhoofika, na kibamba kinaweza kung'oka ndani ya ukuta. Kitazame kwa mwanga mzuri: kama kona zake zimekuwa za mviringo au kimelegea, nunua nyingine. Usiitumbukize meshi ya moto katika maji, kwa maana kabaidi hupasuka kwa kupoa ghafla, na wala usimwagie maji tundu linalotobolewa kwa mashine ya umeme iliyo mkononi mwako.

Kuhusu kitufe cha nyundo, ni vema kuelewa kinachofanyika ndani. Katika drili ya nyumbani kuna visahani viwili vya chuma vyenye meno, kimoja kikizunguka juu ya kingine. Meno yakipandana na kushuka, meshi hurushwa mbele kidogo sana, makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Mapigo hayo ni mengi lakini ni mepesi, na hutegemea jinsi unavyosukuma: usiposukuma, visahani havigusani vizuri na hakuna pigo. Ile mashine nzito ya mafundi, inayopokea meshi zenye mifereji kwenye mkia, hufanya kazi kwa pistoni inayobana hewa na kuirusha nyundo ya ndani. Mapigo yake ni maelfu machache tu kwa dakika, lakini kila moja lina nguvu nyingi, nayo haihitaji msukumo mkubwa. Inafaa kwa zege. Kwa tofali la kuchoma la huku kwetu mimi siipendekezi ndani ya nyumba, kwa sababu ikipita nusu ya tofali hung'oa kipande kikubwa upande wa pili.

Jirani aliyesema drili ni dhaifu hakukosea kabisa, ila pengine udhaifu uko kwenye umeme. Drili hizi zimetengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Jioni, watu wote wanapopika, volti katika mitaa mingi hushuka sana. Mota huzunguka polepole, feni iliyo ndani yake inayopaswa kuipoza huzunguka polepole vilevile, na mtu huongeza msukumo kwa kudhani tofali limekuwa gumu. Toboa asubuhi au wakati umeme umetulia. Kama unatumia waya wa kurefusha, ukunjue wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa maana uliokunjwa hupata joto, na uchague wenye nyaya nene.

Jambo ambalo ningependa lizingatiwe kuliko yote ni nyaya zilizofichwa ndani ya lipu. Kwa kawaida waya huteremka wima kutoka juu hadi kwenye swichi au soketi, au hupita kwa mlalo kati ya soketi mbili, kwa hiyo eneo lililo moja kwa moja juu, chini na kando ya soketi lisitobolewe. Katika nyumba zilizopanuliwa kidogo kidogo, hata hivyo, nimekuta waya umepita mshazari kwa sababu fundi alitaka kuokoa mita moja. Tazama dari, tazama sanduku la kuunganishia, na uzime swichi ya mzunguko wa jikoni kabla ya kutoboa. Drili utaiunganisha na soketi ya chumba kingine kilicho kwenye mzunguko tofauti, baada ya kuhakikisha kwa kipimio kwamba jikoni kweli hakuna umeme. Fanya uchunguzi huohuo kwa mabomba ya maji, hasa ukuta wa jikoni unaopakana na bafu.

Vaa miwani na kitambaa kizito cha pua, au barakoa ya vumbi ukiipata. Vumbi la saruji, mchanga na tofali lina silika, nayo haitoki katika mapafu ikishaingia.

Jibu: Mjenzi, Kadutu, Bukavu

Ninaomba kutetea kidogo hoja ya shemeji, kisha niipunguze.

Huku Bukavu tuna nyumba za zamani ambazo matofali yake yako wazi upande wa nje, hayakupigwa lipu. Kwenye ukuta wa namna hiyo mimi hutoboa kwenye kiungo daima, kwa sababu tofali likipasuka au likiachwa na tundu halirudi katika hali yake, lakini kiungo hujazwa kwa saruji au chokaa na hakuna atakayeona kovu. Kwa kishikio cha taa, kwa kamba ya kuanikia nguo au kwa bomba jembamba, kiungo kizuri cha saruji kinatosha.

Kwa mzigo mzito hali inabadilika. Kiungo kina unene wa kama sentimita 1 hadi 1.5, tundu la milimita 8 au 10 huchukua sehemu yake kubwa, na fisha ikipanuka hubana kingo za matofali mawili kwa wakati mmoja, jambo linaloweza kuyasukuma yakaachana. Aidha, kuta nyingi zina mapengo kwenye viungo vya wima, kwa sababu mwashi hujaza vizuri kitako cha tofali na kupitisha mwiko haraka kwenye ubavu. Tundu likiangukia pengo hilo, fisha haina cha kushika. Na kama alivyosema fundi wa Ruashi, kiungo cha tope hakishiki chochote. Kwa hiyo, chini ya lipu na kwa kilo 40, ningetoboa katikati ya uso wa tofali lililoiva, mbali na kingo zake zote nne.

Kwetu kuna hofu nyingine ambayo wenzetu wa Lubumbashi hawaifikirii mara nyingi. Baada ya tetemeko la ardhi la Februari 2008, watu wengi wa mji huu walijifunza kutazama kilichotundikwa juu ya vitanda na milango. Kabati la ukutani huanguka kwa kuanza kuvutika kutoka juu: skrubu za juu ndizo zinazovutwa kutoka ukutani, huku za chini zikisukumwa ndani. Skrubu nzuri zaidi na matofali mazuri zaidi yawe juu. Pia usipange matundu mengi makubwa kwa mstari mmoja ndani ya safu moja ya matofali, kwa maana ukuta mwembamba unaweza kupata ufa unaofuata mstari huo.

Jibu: Mkaazi wa Himbi, Goma

Kwa ndugu wa Goma watakaosoma mazungumzo haya: kipimo cha rangi ya vumbi hakitawasaidia sana, kwa sababu kuta zetu nyingi ni za mawe ya volkano au matofali ya saruji yaliyochanganywa na kokoto zake. Jiwe la lava lina matundu ya hewa ndani yake. Meshi hukutana na ugumu, kisha uwazi, kisha ugumu tena, na ikifika kwenye uwazi huvutwa pembeni. Huku sisi tunalazimika kutumia nyundo, lakini kwa mwendo wa chini, tukishika drili kwa mikono miwili na kile kishikio cha pembeni, kwa sababu meshi ikikwama ghafla mashine huzunguka na kuumiza kifundo cha mkono. Tahadhari hiyo ya kishikio inamfaa na mama wa Katuba atakapokutana tena na tofali lililoungua.

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Ninawashukuru nyote kwa moyo wa kujibu kwa urefu. Nimefanya uchunguzi kwa meshi ya milimita 5 na bahasha ya karatasi kama alivyoelekeza papa fundi, katika sehemu sita zitakazofichwa na kabati. Lipu ina unene wa milimita 18 karibu kila mahali. Sehemu tatu zimetoa vumbi jekundu kavu na meshi imekwenda kwa utulivu. Mbili zimetoa mabonge ya rangi ya chungwa. Moja imeangukia kiungo, na vumbi lake ni la kahawia, laini, hata nimeweza kusukuma msumari ndani kwa mkono; kwa hiyo nyumba yangu imejengwa kwa tope, jambo ambalo sikulijua nilipoinunua.

Tatizo ni kwamba sehemu tatu nzuri hazilingani na matundu manne yaliyotobolewa tayari kwenye mgongo wa kabati. Je, nitoboe mgongo wa kabati upya, au kuna njia ya kuutumia ukuta kama ulivyo? Na tundu la kwanza lililopanuka nilifanyie nini? Ukuta wenyewe ni wa nusu tofali, yaani unene wake ni upana wa tofali moja tu, na nyuma yake kuna ghala dogo letu sisi wenyewe.

Jibu: Fundi mwashi, Ruashi

Mama, uchunguzi wako umekwisha kukupa jibu, tena taarifa kwamba nyuma kuna ghala lako inarahisisha kazi kuliko unavyodhani.

Usilazimishe matundu ya kabati yafuate matofali, wala matofali yafuate kabati. Weka ubao kati yao. Tafuta ubao wa mti mgumu na mkavu, wenye unene wa milimita 25 hadi 30 na upana wa sentimita 10, urefu wake uwe sawa na upana wa kabati. Ubao huo utafungwa ukutani pale penye matofali mazuri, hata kama nafasi kati ya skrubu hazilingani, kisha kabati litafungwa kwenye ubao kwa skrubu za mbao, mahali popote matundu yake yalipo. Mbao mbili zitahitajika, mmoja juu na mmoja chini, ili kabati lisiiname. Wa juu ndio unaobeba, kama alivyoeleza ndugu wa Bukavu.

Kwa kuwa ukuta ni wa nusu tofali na kiungo ni cha tope, mimi kwa ubao wa juu nisingetegemea fisha peke yake. Ningetoboa matundu mawili yanayopita mpaka ghalani, moja karibu na kila mwisho wa ubao, katika matofali yaliyoiva, kwa meshi ndefu ya milimita 10, bila nyundo. Ukikaribia upande wa pili punguza msukumo kabisa, na mtu mwingine ashike kipande cha ubao upande wa ghalani, akikibana ukutani kando ya mahali meshi itakapotokea, mkono wake ukiwa mbali na njia ya meshi, ili lipu ya huko isibanduke. Pitisha chuma chenye nyuzi za skrubu cha milimita 8, na upande wa ghalani weka bamba la chuma lenye upana wa kiganja kabla ya kukaza nati. Bamba hilo husambaza mvuto juu ya matofali kadhaa, kwa hiyo hata likiwapo moja bichi kati yake halitabeba peke yake. Kaza mpaka ubao ukae imara, kisha uache. Ukizidisha, utalivunja tofali ulilolichagua kwa uangalifu. Katikati ya ubao ongeza fisha ndefu ya milimita 8 katika sehemu nzuri iliyobaki. Skrubu yake uihesabu hivi: urefu wa fisha, pamoja na unene wa ubao, pamoja na unene wa lipu ikiwa fisha imezamishwa nyuma ya lipu, kisha ongeza milimita 5 ili ncha ya skrubu itokeze mwisho wa fisha na kuipanua yote. Kwa fisha ya milimita 60 iliyozamishwa na ubao wa milimita 25, utahitaji skrubu ya milimita 110 hivi.

Tundu lililopanuka usilijaze lipu kavu. Likwangue kwa msumari mpaka utoe kila kilicholegea, lipulize kwa pampu ya baiskeli huku umevaa miwani, kisha uliloweshe maji mara mbili au tatu, kwa sababu tofali la kuchoma hunyonya maji kwa pupa na litaikausha saruji kabla haijashika. Changanya saruji na mchanga laini, kipimo kimoja cha saruji kwa viwili vya mchanga, iwe nzito, uisindilie kwa kijiti mpaka ijae hadi ndani kabisa. Ifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uiache wiki moja. Hata ikishakuwa ngumu, mimi nisingetundika kitu kizito hapo, maana saruji mpya itakuwa imara lakini tofali linaloizunguka bado ni lilelile bichi. Patumie kwa kishikio cha taulo.

Kuhusu kiungo cha tope, usiogope kukaa katika nyumba hiyo. Ukuta wa tope uliofunikwa vizuri hubeba paa lake kwa miaka mingi, mradi maji yasiufikie. Ukitoboa upande wa nje kwa ajili ya taa au waya, ziba mdomo wa tundu kwa saruji siku hiyohiyo, kwa maana mvua za kuanzia Novemba zikipata njia nyuma ya lipu zitayeyusha udongo taratibu bila wewe kuona. Kagua pia chini ya kabati, mahali pa kuoshea vyombo: kama lipu imepasuka kule, itengeneze kabla ya kutundika chochote juu yake.

Kabla watoto hawajaruhusiwa kupita chini, funga ubao wa juu, shika kwa mikono miwili na uuvute kuelekea kwako kwa nguvu zako zote. Usipotikisika, tundika kabati likiwa tupu, lijaze nusu, liache usiku mmoja, kisha utazame asubuhi kama kuna mstari mwembamba uliofunguka kati ya ubao na lipu. Ukiuona, kaza nati za ghalani mzunguko mmoja na upime tena.

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Aksanti sana papa fundi, nanyi ndugu wa Kampemba, Bukavu na Goma. Nitanunua chuma chenye nyuzi na mabamba mwishoni mwa wiki. Swali moja la mwisho: meshi ya milimita 10 niliyonayo ina urefu wa sentimita 12, na ukuta pamoja na lipu zote mbili unafika karibu sentimita 15. Je, ninaweza kutoboa nusu kutoka jikoni na nusu kutoka ghalani?

Jibu: Fundi wa umeme, Kampemba

Unaweza, lakini ni vigumu kuyakutanisha mama, na yakipishana chuma hakitapita. Meshi za sentimita 20 zinapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Nunua moja, nayo itakufaa hata kwa kupitisha waya. Anza tundu kwa ile fupi ili upate mwelekeo ulionyooka, kisha malizia kwa ndefu, kwa sababu meshi ndefu ikianza peke yake huyumba na kupanua mdomo wa tundu. Na uzime umeme wa ghalani pia, siyo wa jikoni tu.